Bia ya nyumbani inapochacha kwa pupa: namna ya kuituliza katika joto la Malindi

Kaskazi ikishaanza kuvuma, maswali ya wanaoanza kupika bia nyumbani huwa yaleyale. Kifuniko cha ndoo kimeruka usiku na povu limepanda ukutani, nifanyeje? Bia imechacha siku mbili tu ikanyamaza, imekufa? Mbona inanuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha? Yote yana jibu, na sehemu kubwa ya jibu hufanyika kabla hujatia hamira.

Mwongozo huu ni wa mtu anayepika kiasi cha lita 20 kwa matumizi yake mwenyewe, hapa Malindi au kwingine pwani. Sielezi kupika tangu mwanzo. Nachukulia kwamba kimea umeshakiloweka na kukichuja, umechemsha na hopsi (maua machungu yanayoipa bia ladha), na sasa una sufuria la maji ya kimea yanayotoka mvuke. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Shika jambo moja kwanza, kwa sababu wengi hulichanganya. Povu kufurika ni shida ya nafasi: chombo kimejaa mno au tundu la kutolea hewa ni jembamba. Kuchacha kwa pupa ni shida ya joto. Mpira mpana wa kutolea gesi utaunusuru ukuta wako, lakini hautainusuru ladha. Na bia inaweza kuchacha kwa pupa bila kumwaga hata tone, ukafurahi bure, ukaja kujua siku ya kuinywa.

Hamira inapokula sukari hutoa joto. Katika lita 20 za bia ya kawaida, joto hilo lingetosha kuipandisha bia nyuzi 10 na zaidi lau lingebaki lote ndani. Kwa kuwa linatoka kidogokidogo, bia huwa juu ya joto la chumba kwa nyuzi 3 hadi 6 pale inapochachamaa. Sasa piga hesabu: chumba cha Malindi mwezi wa Machi kina nyuzi 30, kwa hiyo ndani ya ndoo ni 34 au zaidi. Pakiti ya hamira kama SafAle US-05 imeandikwa nyuzi 18 hadi 26. Ukiipeleka 34 inatoa pombe nzito, zile zinazochoma koo, pamoja na harufu kali ambazo hazitoki hata ukiihifadhi bia miezi.

Hiyo ndiyo nadharia yote utakayohitaji.

Kabla hujanunua chochote

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inazungumzia leseni za kutengeneza na kuuza, na leseni zenyewe hushughulikiwa na kaunti. Ulizia kwanza ofisi za kaunti hapo mjini ujue umesimama wapi. Aliye chini ya miaka 18 asihusike. Na ukumbuke unaishi na nani: Malindi ni mji wa watu wa dini, nyumba zimebanana, na povu likimwagika harufu yake haibaki kwako. Panga kazi yako mahali isipomkera jirani, na mwezi wa Ramadhani heri uiache kabisa. Bia itangoja.

Vitu vya kuwa navyo

- Ndoo au mtungi wa plastiki wa kuwekea chakula, lita 30, wenye kifuniko kinachokaza. Wa lita 20 kwa bia ya lita 20 haufai.
- Vali ya maji, yaani kile kidude cha plastiki chenye maji ndani kinachoruhusu gesi itoke bila hewa kuingia.
- Mpira wa plastiki mwangavu, upana wa ndani milimita 12 angalau. Wa inchi moja ni bora zaidi. Urefu mita moja na nusu.
- Chupa ya mdomo mpana au jagi la kutumbukizia ncha ya mpira.
- Beseni kubwa au pipa lililokatwa, ambalo ndoo itakaa ndani na maji yafike nusu yake au juu zaidi.
- Chupa za maji za plastiki za lita 1.5, nane hivi, zilizojazwa maji na kugandishwa. Acha nafasi juu, barafu hutanuka.
- Kipimajoto. Cha kubandika ubavuni mwa ndoo kinatosha.
- Haidromita, yaani kipimo cha kioo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki kwenye bia.
- Hamira ya bia, pakiti ya gramu 11.5 kwa lita 20.
- Dawa ya kuulia viini. Kama huna ile ya watengenezaji bia, tumia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, kijiko kimoja kikubwa kwa lita 4 za maji. Loweka vyombo dakika 20, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia. Gesi inayotoka hapo ni sumu.

Hamira ya mandazi iache jikoni. Itachacha, tena kwa nguvu, lakini haitulii chini vizuri na ladha yake hubaki kwenye glasi.

Hatua kwa hatua

1. Chagua hamira kulingana na msimu. Wakati wa kusi, hasa Julai na Agosti, usiku hupoa, na hamira ya kawaida inawezekana kwa beseni na barafu. Kuanzia Januari hadi Aprili utapigana na joto usiku na mchana. Kama huna friji ya kuweka ndoo na hutaki kuamka kubadilisha barafu, tumia hamira ya jamii ya kveik, inayotokana na watengenezaji wa mashambani huko Norwei. Ile iitwayo LalBrew Voss hupenda nyuzi 35 hadi 40 na haitoi ule ukali wa hamira nyingine. Kwa mtu wa Malindi hii ni neema, na nashangaa wanaoanza hawaambiwi mapema. Itatoa povu jingi na kwa haraka, kwa hiyo mambo ya nafasi na mpira yaliyo hapa chini bado yanakuhusu. Yanayohusu kupoza yalegeze: ipoze tu hadi 35.

Zipo pia hamira za saison, mtindo wa bia wa Ubelgiji, zinazostahimili joto. Baadhi yake, kama Belle Saison, hula hata sukari ambazo nyingine huziacha, na huendelea polepole kwa muda mrefu. Anayeanza asizitie kwenye chupa kwa haraka. Mimi ningemwambia aanze na kveik.

2. Acha nafasi. Kwa kila lita 20 za bia, acha angalau lita 5 za hewa juu. Bia ya ngano na bia nzito zipe 7 au 8. Usijaribu kubana mwishoni ili upate chupa mbili zaidi.

3. Andaa beseni siku moja kabla. Liweke sakafuni, chumba chenye kivuli na dirisha, mbali na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Jaza maji. Ya kisima yenye chumvi yanafaa kwa beseni ingawa hayafai kwa bia.

Wengi wamesoma kwamba inatosha kuivisha ndoo fulana mbichi na kuipulizia feni. Kwenye nchi kavu inafaa sana; ndivyo mtungi wa udongo unavyopoza maji. Lakini hewa yetu ya pwani imeshiba unyevu, kitambaa hakikauki upesi, na utapata nyuzi 2 au 3 tu za nafuu. Ivishe leso kuukuu na feni ukipenda, kama nyongeza. Tegemeo lako ni barafu.

4. Poza maji ya kimea kabla ya kutia hamira. Nitakaa hapa kidogo, maana hii ndiyo hatua inayoamua yote.

Maji ya bomba Malindi yanafika kwako yakiwa vuguvugu, wakati mwingine karibu nyuzi 30. Kwa hiyo hata ukiwa na koili ya shaba ya kupozea, haitakushusha chini ya hapo. Mtu hugusa sufuria, anaona si moto tena, anatia hamira. Kumbe yako 31. Kuchacha kukianza, joto linapanda juu ya hizo 31, na baada ya hapo barafu yote ya samaki ya pale ufukweni haitarudisha kilichopotea, kwa sababu ladha mbaya hutengenezwa ndani ya siku mbili za mwanzo.

Fanya hivi. Poza kwa maji ya bomba hadi karibu 35. Kisha weka sufuria, likiwa limefunikwa, ndani ya beseni lenye maji na chupa nne za barafu. Koroga maji ya beseni, na yale ya ndani uyakoroge kwa mwiko uliouliwa viini. Barafu usiitie ndani ya maji ya kimea, huijui ilikopita. Ngoja mpaka kipimajoto kisome 18. Kama barafu imekwisha na bado uko 26, funga ndoo vizuri, iache kwenye beseni, tafuta barafu nyingine, utie hamira baada ya saa chache. Chombo kikiwa safi hakuna litakaloharibika. Kungoja hadi asubuhi ni afadhali mara mia kuliko kutia hamira kwenye maji ya moto.

5. Tia hamira, kisha funga mpira badala ya vali. Mimina maji ya kimea kwenye ndoo kutoka juu ili yapate hewa, nyunyizia hamira, funga. Ncha moja ya mpira iingie kwenye tundu la kifuniko, ibane barabara, isizame kwenye bia. Ncha ya pili itumbukize sentimita 5 kwenye jagi lenye maji yaliyochemshwa. Vali ya maji isubiri. Kitundu chake ni chembamba, na kipande kimoja cha hopsi kikipandishwa na povu kinatosha kukiziba.

Wauza mnazi wanalijua hili siku zote. Mtungi uliotoka kwa mgema asubuhi haukazwi kifuniko, kwa kuwa mnazi unaendelea kuchacha njiani na gesi lazima ipate pa kutokea. Lita 20 za bia ya kawaida hutoa zaidi ya lita 400 za gesi hadi zimalize. Ukiziba, kitu fulani kitapasuka.

Gesi hiyo ni nzito na inafukuza hewa safi. Usiweke ndoo kwenye chumba kidogo kilichofungwa anakolala mtu, na usiinamishe uso ndani ya ndoo au friji kunusa.

6. Linda saa 72 za mwanzo. Hamira ya kawaida hunyamaza kwa muda wa saa 6 hadi 18. Halafu mpira unaanza kutoa mapovu taratibu, kisha mfululizo, kisha povu lenyewe la kahawia linapanda ndani ya mpira likiburuta vipande vya hopsi hadi kwenye jagi. Hapo usiogope. Badilisha maji ya jagi yakichafuka.

Soma kipimajoto asubuhi, alasiri na kabla ya kulala. Lenga 18 hadi 20. Chupa moja ya lita 1.5 ikiyeyuka yote hushusha lita 40, yaani bia pamoja na maji ya beseni, kwa karibu nyuzi 3. Kwa hiyo usitie zote kwa pamoja. Anza na mbili, uone. Unatakiwa kuizuia isipande. Ukiiacha ifike 27 kisha uishushe ghafla hadi 17, hamira italala na kuacha kazi katikati.

7. Povu likishuka, iache ipande. Siku ya tatu au ya nne povu hujikunja na kuacha utepe wa uchafu ukutani mwa ndoo. Acha kuongeza barafu, bia ifike 22 au 23 yenyewe. Joto hilo la mwisho huisaidia hamira kusafisha ile ladha ya siagi iliyobaki. Sasa toa mpira, uweke vali.

8. Pima, usihesabu mapovu. Mapovu kukoma si ushahidi. Chukua kipimo kwa haidromita, subiri siku 3, pima tena. Namba zikilingana, bia imemaliza. Bia iliyoanza 1.050 mara nyingi huishia kati ya 1.010 na 1.014. Haidromita nyingi zimepangwa kwa nyuzi 20, kwa hiyo ukipima bia ya nyuzi 28 ongeza 0.002 kwenye namba unayoisoma.

9. Tia chupani kwa kiasi. Sukari ya kawaida gramu 6 kwa lita, yaani gramu 120 kwa lita 20, ichemshwe kwenye maji kidogo na kuchanganywa vizuri na bia yote. Kupima sukari kwa kijiko chupa moja moja huleta chupa bubu na nyingine bomu. Tumia chupa nzito za bia. Za mvinyo, za sosi na za vioo vyembamba hazihimili. Jaza pia chupa moja ya plastiki ya soda. Ibonyeze kila siku: ikiwa ngumu kama ya dukani, na za vioo ziko tayari. Kwa joto letu inaweza kuchukua wiki moja tu, kisha zote ziingie kwenye ubaridi.

Mambo yakikuharibikia

*Kifuniko kimevimba.* Tundu limeziba. Usikichokonoe na usikisogelee kwa uso. Funika ndoo yote kwa taulo bichi, geuza uso, legeza kifuniko upande mmoja polepole hadi gesi itoke. Safisha, ua viini, funga mpira mnene zaidi. Bia yenyewe mara nyingi haina shida. Gesi inayotoka kwa nguvu haiachi vijidudu kuingia.

*Povu limefurika na sisimizi wameshafika.* Futa kwa maji ya moto mara moja, kabla halijakauka. Ndoo ikiwa katikati ya beseni la maji, sisimizi hawana njia. Ni faida nyingine ya beseni. Usitie mafuta ya kupikia ndani ya bia ili kuua povu, kama wengine wanavyoshauri. Povu litakufa, na kwenye glasi pia halitakaa.

*Stima imepotea na barafu inayeyuka.* Usifungue friza ovyo. Funga beseni na ndoo kwa blanketi ili ubaridi ubaki ndani, na nunua barafu ya wavuvi kwa ajili ya beseni. Kama umevuka siku ya nne, usihangaike sana. Hatari kubwa imepita.

*Nimekuta imefika 30.* Kama ni saa za mwanzo, ishushe taratibu, nyuzi 2 au 3 kwa kila saa 12. Kama imeshalala hapo siku nzima, acha imalize, upime, uonje. Harufu ya ndizi iliyoiva inavumilika. Harufu ya rangi ya kucha pamoja na kuchoma kooni haitoki, na bia hiyo imwage tu. Usijaribu kuichemsha wala kuikeneka.

*Imechacha siku mbili ikanyamaza.* Kwa joto hili ni kawaida, hasa kwa kveik. Pima. Ikiwa namba bado ni kubwa, kwa mfano 1.025, tikisa ndoo kwa upole ili hamira inyanyuke, na uiache ipate joto zaidi kidogo.

*Maji ya jagi yamerudi ndani.* Ulipoza ghafla, hewa ya ndani ikanywea, ikavuta. Kama maji yalikuwa yamechemshwa, endelea. Kuanzia sasa, kabla ya kuongeza chupa kadhaa za barafu, inua ncha ya mpira juu ya maji na uifunge kwa foili safi isiyokazwa.

*Chupa moja imepasuka, au imefunguka ikamwaga yote.* Chukulia kwamba zote ziko hivyo. Usizibebe mikononi. Vaa miwani, glavu nene na nguo ya mikono mirefu, funika kreti kwa blanketi bichi, lipeleke mahali pa baridi kabisa ulipo napo, na uliache usiku kucha. Zikishapoa barabara, legeza kizibo kimoja kimoja chini ya taulo, acha gesi itoke, funga upya kwa vizibo vipya. Watoto wasikaribie chumba hicho mpaka umalize chupa ya mwisho.